Kocha Aliyekwama Kibombo

Kocha wetu aliondoka asubuhi akisukuma kinga yake, yaani baiskeli, kama wanaume wengi wa Kindu walivyosukuma zao wakati ule wa vita, kwenda Kibombo kwa wakwe zake kutafuta mchele. Treni ilikuwa haiji tena. Jioni iliyotangulia alituaga kiwanjani, akamwambia kapteni awachezeshe wenzake taratibu wasije wakaumizana, na akaahidi kurudi kabla ya mechi na timu ya Alunguli, ng'ambo ya mto. Siku chache baadaye njia ya Kibombo ikafungwa. Wenye bunduki wa mjini walikaa upande huu, wenye bunduki wa porini upande ule, na kati yao hakupita muntu wala habari.

Mimi nilikuwa msichana, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wetu pale Kasuku. Kwetu muuguzi naye huitwa munganga, kwa hiyo wachezaji waliniita mama munganga, hata wale walionizidi umri. Niliingia katika komite ya klabu kwa sababu ya vifundo vya miguu yao. Dawa haikuwepo, na chumvi ilikuwa kitu cha kulamba kwa ncha ya kidole, si cha kutia katika beseni la miguu. Niliwakanda kwa maji ya moto na mafuta ya mawese, wakarudi kucheza wakinuka kama sufuria la jikoni.

Komite yenyewe ilikuwa ndogo. Mwenyekiti alikuwa muzee mmoja mstaafu wa reli, na sidhani tulimchagua kwa lingine ila sebule yake kubwa na viti vyake. Wa pili alikuwa fundi cherehani aliyetushonea jezi kwa kitambaa cha mapazia ya zamani, kijani iliyopauka, na jua likipiga mgongoni ungeona maua ya pazia. Wa tatu kapteni, wa nne mimi.

Mwanzoni hatukusema neno kuhusu kocha mpya. Wachezaji walikuja kila jioni, wakakimbia, wakagawana pande mbili, wakacheza. Lakini timu isiyo na mkubwa huanza kuoza polepole. Huyu alitaka kupanga mabeki, yule hakutaka kukaa nje, wengine wakawa wanakuja wakitaka. Jumapili moja walipigana wao kwa wao, kipa akatoka na jino mkononi. Kapteni alinijia kituoni nikiwa namsafisha yule kipa mdomo.

"Mama munganga," alisema, "sasa kila muntu njo kocha, kila muntu ndiye mukubwa. Mimi sitaweza tena."

Muzee alituita kwake. Mkewe alitupa chai ya mchaichai bila sukari, tukainywa bila kutazamana. Jambo lenyewe kila mmoja alilijua. Kuchagua kocha mwingine kulikuwa ni kusema kwamba wa kwanza harudi. Mke wake alikuwa anaishi nyumba chache tu kutoka kiwanjani, na kila jioni alisikia kelele zetu. Nani angemwambia?

"Mwende mumuulize," alisema muzee, na ingawa alisema kwa wingi, wote waligeuka kunitazama mimi.

Nilimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga niliposalimia, aliitikia kwa mapigo yale yale ya mchi. Nilizunguka sana katika maneno yangu. Nikasema wachezaji wanapigana, nikasema mechi ya Alunguli inakaribia. Mwishowe akauweka mchi chini, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Munataka mimi njo niseme amekufa?"

"Hapana, yaya," nikamwambia, kama kumwita dada mkubwa. "Hatuna habari yoyote."

"Hata mimi sina. Mutafute muntu awafundishe. Watoto wa wenyewe wanapigana, yeye hangependa. Lakini filimbi yake haitatoka humu ndani. Iko pale juu ya mulango, na pale pale itabaki."

Nilirudi kwa muzee na jibu hilo. Hatukujua kama ni ruhusa au ni lawama, na tuliposhindwa kuamua tukalichukua kama ruhusa.

Watu waliotajwa walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa mazoezi katika shule moja ya mapadri, mwanaume mpole aliyewahi kucheza Kisangani katika ujana wake. Watoto wote wa mtaa walimpenda, na nami nilimpenda. Wa pili alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, Mukristo wa kusali sana, aliyekuja Kindu na mizigo ya sabuni na vitambaa kabla ya vita kukaza, ndege zikasimama, akabaki. Duka lake sokoni lilikuwa na rafu nyeupe tupu. Kwa kukosa wateja alifunga mapema na kuja kusimama nyuma ya goli letu. Siku moja kipa alipokosa mpira rahisi, alimwambia kwa sauti ya chini asimame hatua mbele, na kipa akasikia. Ndipo tulipojua kwamba kwao alikuwa kipa.

Fundi cherehani hakumtaka kabisa.

"Muntu huyu hatumujui," alisema. "Vita ilitoka upande wa kwao. Tumupe watoto wetu awapange mistari? Watu watasema nini?"

"Vita haikutoka kwake," kapteni alijibu. "Yeye iko na njaa kama sisi."

"Njaa yake uliipima na nini?"

Muzee alisugua magoti yake. Nakumbuka namna alivyokuwa akituangalia mmoja mmoja, kama abiria anayeuliza treni ipi ni yake. Aliogopa kumwudhi fundi, aliogopa kumpoteza kapteni, na zaidi ya yote aliogopa kukosea. Katika miaka ile kosa dogo lilikuwa na mkia mrefu. Ukimkaribisha mgeni, kesho wenye bunduki wangeweza kuja kuuliza ulikuwa unazungumza naye nini. Ukimkataa mgeni, huyo naye angeweza kuwa na ndugu mwenye bunduki. Tulikuwa tunachagua kocha wa mpira wa mtaa, lakini tulikaa pale kama watu wanaochagua chifu.

Mwalimu njo alitutoa katika mashaka, kwa namna ambayo hatukuitaka. Tulipomwendea kumwambia kwamba sisi wengi tunamtaka yeye, alifurahi hadi macho yakamlowa. Kisha akatuonyesha jembe lililoegemea ukuta.

"Mushahara haiko," alisema. "Mihogo yangu iko mbali, ninatoka shuleni ninaenda shambani, ninarudi giza limeingia. Nikisema ndiyo nitawadanganya. Nitakuja Jumapili kuwatazama, hiyo ninaweza."

Hivyo yule mfanyabiashara akapata timu kwa sababu hakuwa na shamba. Sitaki kuipamba hadithi hii. Hatukuona ndani yake kitu ambacho wengine hawakukiona, ila alikuwa na nafasi.

Alikuja siku ya kwanza na suruali iliyopigwa pasi, akaomba tusali. Wachezaji wetu nusu walikuwa Waislamu, lakini waliinamisha vichwa kwa adabu, na alipomaliza kapteni, aliyekuwa mtoto wa imamu, akasema amina kwa sauti. Filimbi hakuwa nayo. Alipiga mluzi kwa vidole viwili, mluzi mkali uliofika hadi mtoni, na wanawake waliokuwa wanafua wakanyanyua vichwa.

Tulifungwa mechi ya kwanza. Tukafungwa ya pili vibaya zaidi, na fundi cherehani alitoka kiwanjani kabla ya mwisho akiwa ameweka mikono nyuma. Watu wa mtaa wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja aliyekuwa na sauti kubwa alimwambia kocha mbele ya wote arudi kwao akafundishe huko. Kocha aliokota mpira, akauweka kwapani, akatembea nao hadi dukani, maana mpira ulikuwa unalala kwake.

Mimi nilikuwa na mashaka makubwa kuliko nilivyoonyesha. Nilimwona anavyowafundisha na sikuelewa. Kocha wetu wa zamani alikuwa anawakimbiza hadi wanatapika, na sisi tuliamini kwamba kufundisha njo huko. Huyu aliwakalisha kwanza kivulini, akauliza kila mmoja amekula nini tangu asubuhi. Aliyekula muhogo mkavu tu aliambiwa asikimbie. Kisha akawafundisha kupeana mpira karibu karibu, mguu kwa mguu, bila kuupiga mbali.

"Mupira ukienda mbali mutaufuata," alisema, "na nguvu ya kuufuata hamuna."

Ilipendeza kusikiliza, lakini tulikuwa tunafungwa.

Kisha duka lake likavunjwa. Ilikuwa mchana wa siku ya kazi, risasi zilipigwa upande wa bandari, watu wakakimbia, na mji ulipotulia mlango wake ulikuwa umelala barabarani. Hakuna aliyesema ni nani. Jioni hiyo hakuja kiwanjani, wala jioni iliyofuata. Nilikwenda kumtazama nikiwa na mfuko wangu wa kazi, kwa kisingizio cha kuona kama ameumia.

Alikuwa ameketi juu ya kreti, katikati ya chumba kitupu, amevaa shati lake la Jumapili. Labda hilo njo nguo pekee waliyomwachia.

"Walichukua sabuni iliyobaki," aliniambia. "Na mizani. Mupira waliuacha. Ulikuwa chini ya kitanda."

Niliketi mlangoni. Barabarani mwanamke alipita na karai la mihogo kichwani, akatusalimu, tukamwitikia.

"Ninataka kukuuliza kitu, mama munganga," alisema. "Kocha wenu akirudi kesho, mimi nitakuwa nani?"

Nilitafuta jibu zuri. Nilikuwa nimezoea kuwapa wagonjwa majibu mazuri. "Sijue," nikamwambia.

Alitikisa kichwa kama aliyepewa haki yake. "Hapo umesema kweli," alisema. "Kila muntu ananiambia usijali."

Kesho yake, nilipopita kwenda kazini, nilimkuta kapteni na wachezaji wengine wawili wanasimamisha mlango. Fundi cherehani alikuwapo pia, ameshika misumari kati ya meno, anawaelekeza wote na hakuna anayemsikiliza. Sikumuuliza kilichombadilisha. Sidhani kama alibadilika. Aliendelea kusema kwa miezi kwamba hatukufanya vizuri, lakini mlango aliupigilia yeye, na jioni kocha akaja kiwanjani na mpira kwapani.

Mechi ya Alunguli, iliyokwama mto nao ulipofungwa, ilichezwa mwishowe, Jumapili ambayo wenye mji waliruhusu mitumbwi kuvuka. Nikifumba macho leo, katika miaka yote ile ya vita, siku hiyo ndiyo ninayoiona kwanza. Mitumbwi ilikuja mingi, imejaa watu waliosimama, na ngoma yao ilisikika tangu katikati ya mto. Kwenye ukingo watu wa koo moja waliokuwa hawajaonana tangu mto ufungwe walishikana shingo. Mama mmoja alimtafuta dada yake kati ya umati akiita jina la utotoni, na alipompata walikaa chini kwenye majani wakashikana mikono, mechi nzima wakaipa mgongo.

Tulipata goli la kwanza. Lilikuwa goli la kupeana peana, karibu karibu kama alivyofundisha, hadi mshambuliaji wetu mfupi akajikuta peke yake na kipa. Sijui kama nilipiga kelele. Najua koo liliniuma kesho yake. Alunguli wakasawazisha kipindi cha pili kwa kichwa. Ikaisha hivyo hivyo, sare. Mwalimu alikuwapo, alikuja kama alivyoahidi, akampa kocha mkono akamwambia maneno kwa Kifaransa ambayo sikuyasikia, wote wawili wakacheka.

Baadaye wamama wa mtaa walileta mabeseni ya bugali na sombe isiyo na chumvi. Timu mbili zikala pamoja, mikono ya kijani na mikono ya bluu katika beseni moja, upesi, maana mitumbwi ilitakiwa kurudi kabla ya jua kuzama. Nimekula vyakula vingi vizuri tangu siku ile, na chumvi ya kutosha. Sijui kwa nini bugali ule ndio ninaoukumbuka mdomoni.

Kocha wetu wa zamani alirudi wakati tumeacha kumtaja. Njia ilianza kupitika kidogo kidogo, na jioni moja, katikati ya mazoezi, kapteni alisimama ghafla na mpira mguuni. Mwanaume mwembamba alikuwa anakuja upande wa reli, anasukuma kinga isiyo na matairi, vyuma vikilia juu ya mawe. Ndevu zilikuwa nyeupe. Nusu gunia la mchele lilifungwa nyuma. Kipa njo alimtambua kwanza, akakimbia, wote wakakimbia, wakamnyanyua juu na kinga yake ikaanguka. Mtu mwingine alikwisha kukimbia kumwita mke wa kocha, naye akaja mikono ikiwa na unga, akasimama mbali kidogo, akafunika mdomo.

Mimi nilikuwa nalia na kucheka. Nilipogeuka nikamwona mfanyabiashara wetu amebaki peke yake karibu na goli. Aliokota mpira uliokuwa umeachwa, akaupangusa vumbi kwa mkono, akangoja.

Tulikutana tena kwa muzee, safari hii bila chai wala ujasiri. Mzigo ulikuwa ule ule na umegeuzwa tu. Kumrudisha wa kwanza kulikuwa ni kumtupa wa pili, na kumwacha wa pili kulikuwa ni kumwambia mtu aliyeponea kifo kwamba nafasi yake imekaliwa. Muzee alikuwa amewaita wote wawili waje, jambo lililonishangaza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujasiri. Walikaa kwenye kiti kirefu kimoja. Muzee akaanza kuomba radhi kwa yule aliyerudi, anajikwaa, anasema tulingoja, tulimuuliza mkeo, hatukuwa na habari.

Kocha wa zamani alimwacha amalize.

"Kule porini," alisema, "kila jioni nilikuwa ninajiuliza, watoto wanacheza ao hawachezi? Kama ningekuta majani kiwanjani, hapo njo ningejua mulinizika. Nilisikia mluzi nikiwa bado kwenye reli. Nikasema, basi iko muntu."

Halafu akamgeukia mwenzake. "Unawachezesha karibu sana," alimwambia. "Lakini wanapendeza."

Ningependa kusema kwamba mambo yaliisha hapo kwa kushikana mikono. Hayakuisha hivyo. Alikuwa amesema maneno makubwa na aliyaamini, ila yalimuuma pia. Kwa wiki nyingi hakukanyaga kiwanjani. Mkewe aliniambia kwamba jioni, mluzi ukisikika, alitoka nyuma ya nyumba akapalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Sisi katika komite hatukuamua kitu chochote. Tuliliacha jambo liende, na nadhani kwa mara hiyo uoga wetu ulifanya kazi kuliko akili. Ndege zilipoanza kutua tena, mfanyabiashara alikwenda kwao kumwona mama yake na mke aliyemwacha na mimba. Siku ya kuondoka alipita kwa kocha wa zamani, akamkabidhi mpira mlangoni, akaenda zake, na timu ikawa tena ya yule wa kwanza. Aliporudi baada ya miezi mingi alikuwa na mke, mtoto anayetembea na shehena ya bidhaa. Rafu zake zilijaa, na hakuwa tena na jioni za kusimama nyuma ya goli. Jumapili alikuja, akakaa kwenye benchi kando ya mwenzake, wakabishana mechi nzima kuhusu mpira mrefu na mpira mfupi.

Walibishana hivyo kwa miaka. Kocha wa zamani alifariki kitandani mwake, mvua za mwisho wa mwaka, na nilimuuguza mimi. Mfanyabiashara alisimama makaburini kati ya Waislamu, viatu vyake vizuri vikizama katika tope, akasubiri hadi watu wote walipoondoka.

Sasa mimi njo mwenyekiti. Nywele zangu ni nyeupe na vijana wa komite wananiita koko, bibi. Mwaka huu kocha wetu alichukuliwa na timu ya Bukavu, na tukakaa tena kutafuta mwingine, sebuleni kwangu, pikipiki zikiunguruma nje hadi ilitubidi kufunga madirisha. Walinionyesha kwenye simu video za watu watatu. Mmoja ana cheti. Mmoja alicheza Kinshasa. Wa tatu ni kijana kutoka Pangi ambaye hajawahi kufundisha wakubwa, amefundisha watoto wa wachimbaji tu, lakini watoto hao hawafungiki.

"Koko, tunataka muntu wa uhakika," aliniambia katibu wetu, kijana mwenye akili sana.

Nilitamani kumweleza. Lakini ningeanzia wapi? Sitamani vita irudi, Mungu apishe mbali. Ninachokitamani ni ile sebule ya muzee, sisi wanne tusiojua lolote, na namna tulivyotazamana kwa hofu kabla ya kusema ndiyo. Nikawaambia tu kwamba mtu wa uhakika sijawahi kumwona katika kazi hii, wachague wanayemwonea raha kumngoja kiwanjani. Wakabishana hadi simu zao zikaisha chaji. Wakamchagua kijana wa Pangi, kwa kura moja.

Amefungwa mechi yake ya kwanza. Jumatatu asubuhi alikuja kwangu, akaegesha pikipiki kando ya nyumba, akakaa kwenye ukingo wa kiti bila kuvua kofia. Alikuwa hajalala.

"Koko, watu wanasema mulikosea," alisema. "Wewe unaona namna gani? Mulikosea?"

"Sijue, mwanangu," nikamwambia. "Umekula?"

Alikuwa hajala. Nikamtengea wali na maharagwe, akavua kofia, na alipokuwa anakula akaanza kunieleza jinsi anavyotaka kumrudisha beki wa kushoto nyuma kidogo, akipanga vikombe vyangu juu ya meza kama wachezaji, ili nielewe.